Nafasi Iliyoachwa Wazi

Jumatatu, 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepungua makali. Sisi wazima, isipokuwa mjukuu wako, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ningekupigia simu, lakini mashine za kufulia za hospitali zilishakula masikio yako, na nikituma ujumbe anayekusomea ni mpangaji wako. Huyo naye, siri kwake ni maji kwenye pakacha. Kwa hiyo barua itakuja na basi la asubuhi, uichukue kaunta ya vifurushi kama siku zote.

Unajua Chiriku anasumbuliwa na mafindofindo tangu mwaka jana. Sasa zile tezi mbili za kooni zimevimba mpaka zinakaribia kugusana. Yule mtoto aliyekuwa anaongea mpaka na kikombe chake cha chai, leo anaongea kama aliyejazwa pamba mdomoni. Akilala anakoroma kuliko baba yake, halafu katikati pumzi inakatika na mimi nahesabu. Jana nilifika tisa ndipo akavuta tena. Daktari wa koo, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, amesema lazima zitolewe. Ni Alhamisi tarehe 19, saa mbili asubuhi. Amesema mtoto akiachwa hivi moyo wake utachoka kabla hajafika darasa la tatu.

Baba yake yuko kambini na nguzo zao za umeme, atarudi tarehe 18, kwa hiyo fomu najaza mimi. Upande wa kwetu naujua. Upande wenu naomba unisaidie. Wanauliza kama katika ukoo kuna mwenye kisukari, pumu au presha, na kama kuna mtu aliyewahi kuvuja damu kupita kiasi, iwe kwa kukatwa, kung'olewa jino au kujifungua. Nijibu kabla ya Jumapili, maana fomu inarudi hospitali tarehe 9.

Naogopa, Mama. Nakuambia wewe kwa sababu kazini najifanya shujaa.

Mkaza mwanao


Alhamisi, 5 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba. Magoti yangu yapo palepale, yananitangazia mvua kabla ya redio.

Barua yako imenikosesha hamu ya kula. Kisukari alikuwa nacho kaka yangu mkubwa, lakini yule alikunywa soda kama wenzake wanavyokunywa maji. Presha ninayo mimi, na barua kama hizi ndizo zinazoipandisha. Pumu hakuna, ukoo wetu tuna mapafu ya wapiga tarumbeta.

Sasa nisikilize. Nimekuwa dobi wa hospitali miaka ishirini na tisa. Wewe unaiona hospitali kwa mbele, kwenye mapokezi na maua ya plastiki. Mimi niliiona kwa nyuma, kwenye mifuko ya nguo chafu. Mdomo wa mtoto si mahali pa kuingiza chuma. Hayo mafindofindo wangapi wanayo na wamezeeka nayo? Maji ya uvuguvugu na chumvi, asukutue asubuhi na jioni. Vya baridi asiguse. Shingo ifunikwe. Akikua koo linapanuka lenyewe.

Mwambie huyo daktari asiyecheka kwamba bibi wa mtoto amekataa.

Bibi yake Chiriku


Jumapili, 8 Juni

Mama,

Shikamoo, na ahsante kwa majibu. Fomu nimeijaza leo, kesho naipeleka. Kisukari ndiyo, presha ndiyo, pumu hapana, kuvuja damu hapana.

Kuhusu chumvi, tumesukutua mpaka duka la jirani limeanza kunishangaa. Haisaidii. Mwalimu wake anasema anasinzia darasani. Chakula chake ni uji tu. Juzi damu ilimtoka puani akiwa amekaa zake anachora. Kitambaa cha kwanza kikalowa, cha pili kikalowa, mpaka nikaacha kwenda kazini. Nesi wa zahanati akasema ni joto. Miguu nayo imejaa alama za bluu, kwa sababu siku hizi anacheza mpira na watoto wa jirani na hajui maana ya kutulia. Nakueleza haya ujue kwamba maradhi ya koo yameuchosha mwili mzima. Tukimaliza hili atapata nguvu.

Sitaki tugombane. Lakini mimi na mwanao tumeshaamua, na ninachoomba kwako ni utuombee.

Mkaza mwanao


Jumanne, 10 Juni

Mkwe,

Damu puani vitambaa viwili? Ilichukua muda gani kukatika? Baadaye midomo yake ilikuwa rangi gani? Hizo alama za bluu ziko miguuni tu au na mgongoni? Umezibonyeza? Jino lake la mbele limeanza kutikisika? Likitikisika msiliguse. Asiliguse mtu yeyote, si wewe, si baba yake, si hao watoto wa jirani. Liacheni lianguke lenyewe.

Na huo upasuaji nimesema hapana. Nilidhani nimepata mkwe mwenye masikio, kumbe kiziwi si mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkimpeleka huko msiniite bibi, na likitokea la kutokea usiniandikie, maana nitakuwa nilishasema.

Siandiki zaidi.

Mama wa mumeo


Alhamisi, 12 Juni

Mama,

Shikamoo. Pole kwa kukuudhi. Nina habari ya kukutuliza. Hospitali wametuambia mashine ya dawa ya usingizi imeharibika, na kifaa chake kinasubiriwa kutoka mbali. Upasuaji umesogezwa mpaka Agosti, tarehe bado hawajataja. Kwa hiyo ule, ulale, na presha ishuke. Tutazungumza vizuri ukija kututembelea.

Jino halijatikisika.

Mkaza mwanao


Alhamisi, 12 Juni

Baba Chiriku,

Lori la vifaa vyenu linaondoka saa nane, kwa hiyo naandika mbiombio. Nimemdanganya mama yako. Nimemwambia upasuaji umesogezwa mpaka Agosti. Haujasogezwa kokote. Ni Alhamisi ijayo saa mbili kamili, na namba ya kitanda tumeshapewa.

Usinitazame hivyo, najua unavyotazama. Barua zake zilikuwa zinanichoma. Mtu ananiuliza kama nimebonyeza alama za miguuni! Halafu ananiambia likitokea la kutokea nisimwandikie. Niliisoma ile barua kiwandani, nikiwa kwenye meza yangu ya oda, na palepale nikamwandikia mteja kadi za mwaliko elfu mbili badala ya mia mbili. Bahati msimamizi aliona kabla mashine haijawashwa. Siwezi kubeba hofu yake na yangu kwa pamoja, moja lazima niitue.

Mtoto akitoka salama nitampigia mama magoti na kumwambia kila kitu. Wewe njoo mapema.

Mama Chiriku


Jumamosi, 14 Juni

Mama Chiriku,

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwenda kwa mama yangu ina mabasi mawili kwa siku. Lakini nimekuelewa. Siwezi kukulaumu mimi nikiwa huku juu ya nguzo na wewe huko chini na mzigo wote.

Mvumilie. Nilishakuambia nilikuwa na dada. Alikufa kwa homa akiwa na miaka sita, mimi nikiwa bado natambaa. Picha hakuna, na kaburi liko mji tuliouhama. Mama hajawahi kumtaja mbele yangu hata siku moja. Hayo machache niliyapata kwa shangazi, naye aliyasema akiangalia mlango. Nadhani kila mtoto akiugua, mama anamwona yule.

Nitafika Jumatano kabla ya giza. Mwambie Chiriku kuna kitu namchongea. Usimwambie ni nini, kwa sababu mpaka sasa hata mimi sijui kitakuwa nini.

Baba yake


Jumatatu, 16 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeisoma nimesimama palepale kaunta, nikamkumbatia mpokea vifurushi, na mwanamume wa watu hata jina lake silijui. Jana nimekula sahani mbili. Nisamehe maneno yangu. Nilikuandikia kama mtu anayefukuza mwizi.

Julai nitakuja nikae wiki mbili. Kuna jambo la upande wetu nataka kukuambia, mimi na wewe tu, mumeo akiwa kazini. Si jambo la barua.

Bibi yake Chiriku


Jumanne, 17 Juni

Mwanangu,

Hii ni barua ya pili ndani ya siku mbili, na haina haraka. Isome ukiwa umekaa na watu hawapo.

Nilisema si jambo la barua. Nimejifikiria, nikaona uso kwa uso sitaweza kabisa. Nikikuona nitaanza habari za magoti mpaka siku ya kuondoka. Na wakati nilipodhani upasuaji ni Alhamisi hii, ndiyo kabisa sikuweza. Nilikuwa napiga kelele tu. Sasa muda upo, moyo umetulia, ngoja nijaribu.

Uliniuliza mambo manne. Nilijibu matatu.

Binti yangu hakufa kwa homa. Alikuwa na miaka sita, jino la chini la mbele linatikisika, hali chakula vizuri, analia kwamba linamchoma. Ilikuwa Jumamosi. Nikachukua uzi wa kushonea, nikalifunga, nikamwambia tazama dirishani, nikavuta. Likatoka, tukacheka wote wawili. Damu ikatoka kama inavyotoka kwa kila mtoto. Nikampa kitambaa aume. Jioni bado inatoka. Jumapili asubuhi mto umelowa. Nikaweka chumvi, nikaweka majani ya chai, nikaweka kila nilichoambiwa na kila aliyepita mlangoni. Zahanati ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Tulipofika midomo yake ilikuwa imepauka, ananiambia anasikia baridi, na nje jua linawaka. Alifia mikononi mwa nesi mimi nikiwa nimeshika kitambaa. Kwa jino la utoto, mwanangu. Kwa mkono huu huu unaokuandikia.

Mume wangu alikuwa safarini. Aliporudi nikamwambia ni homa, na homa ikabaki mpaka naye akafa. Mwaka uleule tukahama. Watu walishangaa mwanamke mwenye cheti chake anaomba kazi ya udobi hospitalini, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza sababu. Nilitaka kuitoa damu kwenye nguo. Kila siku, mpaka nichoke nisiweze kufikiri.

Na kwa kuwa umeuliza habari za kujifungua, nilipomzaa mumeo nilivuja wiki tano. Nilidhani ndivyo wanawake wote walivyo. Yeye mwenyewe alipokatwa na bati akiwa na miaka minane, kidonda kililowesha bendeji siku mbili. Sijui kama haya yana maana kwa daktari. Huenda hayana, huenda ni mkono wangu tu ulivuta vibaya. Lakini ile damu ya puani, vitambaa viwili, nimeshindwa kuimeza. Kabla ya Agosti mwambie daktari.

Mumeo hajui. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha miaka thelathini na sita. Sasa unanijua.

Mama mkwe wako


Alhamisi, 19 Juni, saa sita mchana

Mama,

Naandika nyuma ya karatasi ya maelekezo ya wagonjwa, nimekaa kwenye benchi la korido. Chiriku yuko hai na hajakatwa. Naanza na hilo.

Nilikudanganya. Ilikuwa leo. Mashine haikuharibika hata siku moja.

Barua yako ilifika jana jioni. Nikaona mwandiko wako, nikaona bahasha ilivyonona, nikajiambia hayo ni maneno makali kurasa nne. Nikaitumbukiza kwenye mkoba nije niisome mtoto akishatoka. Leo saa mbili kasorobo wakamvika kofia ya karatasi na kumpa dawa ya kumlegeza, akaanza kuimba maneno asiyoyajua mtu. Wakamsukuma mpaka kwenye mlango wenye mstari mwekundu sakafuni, ambao mzazi havuki. Mwanao akaniomba kitambaa cha kujifuta jasho, akapekua mkoba, akaiona bahasha. Akasema, "Mama ameandika. Labda ni dua, tuisome." Nikamwambia achana nayo sasa hivi. Akaifungua.

Ukurasa wa kwanza aliusoma amesimama. Wa pili akakaa. Halafu akainuka ghafla, akavuka ule mstari na buti zake za kazini, nesi anampigia kelele, yeye anaugonga mlango kwa kiganja: "Msimkate! Dada yangu alikufa kwa jino! Msimkate!" Hivyo ndivyo alivyozipata habari za dada yake, Mama, na kuzitoa hapohapo.

Daktari akatoka, mikono ameinyanyua, inachuruzika maji. Akazisoma zile kurasa mwanao akiwa amezishika mbele ya macho yake. Kisha akanigeukia. "Kwenye fomu uliandika hapana. Nani alikuambia hapana?"

Hakuna aliyeniambia. Kiwandani kwetu mteja akiacha nafasi wazi kwenye fomu ya oda, maana yake hataki. Hataki rangi, hataki jalada gumu. Tunaandika hapana, kazi inaendelea. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Wewe uliruka swali, mimi nikaandika hapana na sikuwaza mara mbili. Nilimweleza hivyohivyo, na hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba angemkata bila kujua, huenda damu ingemshinda kuizuia.

Wamechukua damu ya mtoto na ya baba yake. Wanaitaka na yako. Nenda kwenye ile hospitali yako ya zamani, karatasi ya daktari nimeiweka humu ndani.

Sijui nianze kukuomba radhi kwa lipi.

Mkaza mwanao


Jumamosi, 21 Juni

Mkwe wangu,

Damu nimetoa. Binti wa maabara alitafuta mshipa mara tatu, na alipochomoa sindano ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alibonyeza robo saa nzima. Safari hii niliitazama saa.

Ulinidanganya. Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika mpaka nitakapoamua mwenyewe kuacha, usinihimize. Alhamisi asubuhi nilikuwa nimekaa nje nachambua maharage, roho yangu nyeupe, na mjukuu wangu yuko mlangoni kwa visu! Lakini nimewaza sana. Ungeniambia ukweli ningeendelea kupiga kelele, wewe ungeendelea kuziba masikio, na ile barua nisingeiandika kamwe. Kwa hiyo sijui nikuchape au nikubusu. Ukipata jibu uniambie.

Mwanangu ameniandikia. Mstari mmoja tu: "Mama, nyumbani mlikuwa mnamwitaje?" Nimemjibu kurasa saba.

Umeniambia nisijilaumu. Hukuandika hivyo, lakini najua unataka kuandika. Usiandike. Majibu yoyote yatakayotoka maabara, uzi niliufunga mimi.

Bibi yake Chiriku


Ijumaa, 4 Julai

Mama,

Shikamoo. Majibu yametoka. Chiriku anayo, baba yake anayo kidogo, na wewe unayo. Damu yenu inachelewa kuganda. Kuna kitu ndani ya damu kinachoifanya ishikane, na nyinyi mmezaliwa nacho kichache. Kipimo cha kawaida hakikioni, ndiyo maana walitegemea fomu. Dawa ipo. Watampa kabla ya kukatwa na siku kadhaa baadaye, na damu ya akiba itakuwa chumba kilekile. Tarehe ni Alhamisi, 24 Julai. Safari hii ni kweli, naambatanisha karatasi yenye muhuri uikague.

Najua umenikataza. Lakini nilimsomea daktari habari za uzi. Akaniambia nichukue kalamu niandike neno kwa neno: "Mwambie jino lile lingetoka hata kwa kuuma mkate, na mtoto angevuja vilevile. Si mkono wake. Na mwambie asingeandika ile barua, siku ile mwenye kushika kitambaa ningekuwa mimi." Nimenukuu kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza.

Njoo, Mama. Siwezi kukaa kwenye lile benchi na mwanao peke yangu. Hakai chini, anatembea kama mtu anayepima kiwanja.

Mkaza mwanao


Alhamisi, 24 Julai, kwenye benchi

Mama, nesi amesema sauti zetu zinafika wodini, kwa hiyo tuandikiane hapa. Ameingia saa mbili na dakika tano. Dawa ya damu alipewa saa moja.

Mkwe, nimeona. Huyu mumeo mbona anazunguka?

Mama, ndivyo anavyosali.

Mkwe, saa ngapi?

Mama, mbili na ishirini. Uliniuliza sasa hivi.

Mkwe, nesi ametoka mbio. Amerudi na mfuko wa damu.

Mama, ameingia mlango wa pili. Si wa kwetu.

Mkwe, una hakika?

Mama, sina.

Mkwe, nipe mkono. Siandiki tena.

Mama, nimeuachia kidogo nikuandikie. Ni saa tatu na dakika kumi. Daktari ametoka, anazungumza na mwanao pale mwisho. Mwanao amejishika kichwa.

Mkwe, amejishika kwa kulia au kwa kucheka? Macho yangu hayafiki kule.

Mama, ameketi sakafuni.

Mkwe, NIAMBIE.

Mama, anacheka. Anatuonyesha kidole gumba. Damu imesimama. Imesimama, Mama!


Jumatano, 6 Agosti

Mwanangu,

Nimefika salama, mpangaji alikuwa anangoja habari mlangoni, nikamwambia ulikuwa mkutano wa ukoo.

Nimewakumbuka kabla sijavua viatu. Siku zile zote Chiriku amekatazwa kuongea na mimi sisikii, hatujawahi kuelewana hivyo. Usiache kumpa dawa hadi siku ambayo daktari ameandika, hata akikuonyesha kwamba amepona. Na ile hasira nimeiacha, nakujulisha rasmi.

Jana nilikwenda kuchukua kadi yangu ya damu hospitali, ile ya kutembea nayo, inayosema damu yangu inachelewa kuganda. Karani ni binti mdogo, anabonyeza kompyuta bila kutazama mtu, na kwa kuwa sisikii alikuwa akinigeuzia kioo nisome. Jina. Umri. Kazi. Halafu akageuza tena: umezaa watoto wangapi?

Swali hilo nimeulizwa kila mahali kwa miaka thelathini na sita, kazini, harusini, na watu wa sensa. Nimekuwa nikijibu mmoja, upesi, na kubadilisha mazungumzo.

Jana nikasema wawili.

Akageuza kioo: walio hai? Nikasema mmoja. Akageuza tena: aliyefariki, sababu? Safari hii alininyanyulia macho, na nilimwona anasita, anataka kuniambia si lazima.

Nikamwambia, "Alivuja damu baada ya kutoka jino. Alikuwa na miaka sita. Jino nilimtoa mimi, na haikuwa kosa langu." Sisi viziwi hatujui kupima sauti, foleni yote ikageuka kunitazama. Nikarudia, taratibu, ili karani asikosee kuandika.

Mama